Mzee Jalada na Picha Zisizo na Majina

Ndugu waombolezaji, familia inawasomea safari ya kaka yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mzee Jalada, naye akaitika bila kinyongo.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1955, mtoto wa pili kati ya watano, akasoma shule ya msingi kuanzia 1963 hadi 1969, sekondari hadi 1973, na tarehe 2 Januari 1975 akaajiriwa karani wa nyaraka, katika chumba cha chini chenye rafu za chuma na dirisha moja, akakaa humo miaka arobaini. Tarehe 14 Agosti 1982 alifunga ndoa na muuguzi, shemeji yetu, aliyekuwa akitutania kwamba yeye ni mke mdogo, mkubwa ni majalada, wakajaliwa binti mmoja.

Kazini alikuta picha 412 zilizopigwa na maofisa wa kikoloni, za wapagazi, wakulima na akina mama waliosimamishwa kando ya rula kama mbao zinazopimwa, na nyuma ya kila picha palikuwa na namba tu, jambo lililomkera maisha yake yote. Shemeji alipofariki tarehe 3 Mei 2009, na binti akaenda kufanya kazi ng'ambo, kaka alibaki peke yake, na alipostaafu, kwa ruhusa ya ofisi, alizipiga skani zote, akafungua tovuti tarehe 1 Oktoba 2016, na chini ya kila picha akauliza: huyu ni nani kwenu?

Hakuna aliyejibu, au ndivyo alivyoamini. Kila asubuhi alikunywa chai, akafungua kompyuta, akatazama nafasi tupu chini ya picha, akaifunga, na tukimpigia simu alisema tu kwamba watu wana shughuli nyingi. Sisi ndugu zake tulimwambia aachane na wafu, na leo tunakiri kwamba tulimkosea, maana hata sisi hatukuwahi kuifungua tovuti hiyo.

Figo zilianza kumsumbua Novemba 2021, akalazwa mara tatu, akafariki Jumamosi tarehe 17 Juni 2023 saa nne asubuhi, muuguzi wa zamu akiwa kando yake, sisi tukiwa njiani.

Siku iliyofuata binti yake, akitafuta picha ya msiba, aliingia kwenye tovuti kwa nywila ya baba yake, akakuta jumbe 638 zikisubiri kuidhinishwa ndipo zionekane chini ya picha. Kaka mwenyewe ndiye aliyeweka sharti hilo, kama karani asiyeruhusu karatasi itoke bila saini, kisha akasubiri ziletwe mezani, kama alivyozoea kuletewa majalada, asijue kwamba alipaswa kuzifuata. Ujumbe wa kwanza uliandikwa siku ya tatu tangu tovuti ifunguliwe, na ulisema kwamba mwanamke wa picha namba 14 alikuwa mkunga, mjukuu wake yu hai, na anashukuru kumwona bibi yake kwa mara ya kwanza. Binti ameziidhinisha zote, akatangaza msiba humo humo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, fundi cherehani jirani yake aliyemfulia na kumpikia alipoishiwa nguvu, wafanyakazi wenzake wa nyaraka, na ninyi wageni tusiowajua, wajukuu wa watu wa picha, mliosafiri kuja kumzika mtu aliyedhani hakuna anayemsikia.

Pumzika kwa amani, kaka, walikujibu miaka yote, na sisi tumechelewa kukuambia.