Masikio, Aliyeifundisha Mashine Kusikia

Marehemu, ambaye kazini walimwita Masikio, alizaliwa tarehe 9 Agosti 1949, mtoto wa nne wa fundi cherehani na mkunga. Mama yake alisimulia kwamba kijiko kikidondoka nyumba ya pili, mtoto huyo alikuwa ameshaamka.

Alihitimu chuo cha ufundi wa simu mwaka 1970, pamoja na rafiki aliyekuwa naye kama chanda na pete. Huyo wenzao walimwita Injinia kabla hata hajawa injinia.

Mwaka 1971 wote wawili waliajiriwa kituo cha simu. Marehemu alipangiwa chumba cha majaribio, ghorofa ya pili, kusikiliza milio: wa laini iliyo wazi, wa kuita, wa simu inayotumika, wa namba isiyokuwepo. Kwa mlio mmoja tu alitaja kasoro na mtaa wake, na mafundi wakaikuta pale pale.

Mwaka 1974 alimwoa karani wa zahanati. Alikuwa amempigia siku tatu bila kujibiwa, ya nne akamfuata dirishani. "Usiniambie simu ilikuwa na mtu," alimwambia. "Iliita kwanza, halafu ukainua mkono wa simu na kuurudisha." Karani alicheka hadi wagonjwa wakageuka. Injinia alisimamia ndoa yao, na watoto watatu waliozaliwa walimwita Baba Mdogo.

Mwaka 1992 Injinia alileta wazo la mashine ya kutambua milio yenyewe. "Kaka, bila wewe haitajua kitu," alisema. "Tutaitangaza kwa majina yetu sote wawili." Miaka miwili marehemu alikaa na hedifoni, rekodi elfu sita, akimtajia Injinia mlio upi ni upi. Siku ya uzinduzi, Ijumaa tarehe 3 Juni 1994, kibao cha mashine kilikuwa na jina moja, la Injinia. Marehemu alikuwa safu ya nyuma, akipiga makofi. Jumatatu alikabidhiwa barua kwamba mashine imechukua nafasi yake, na sahihi ilikuwa ya Injinia. Kikulacho ki nguoni mwako. Iliuma, na familia haitaficha hilo leo.

Hakudai fidia. "Aseme tu mbele za watu nani aliyeifundisha," alirudia, huku akitengeneza redio za majirani.

Figo zilianza kumsumbua Januari 2019. Kitandani alimpigia Injinia mara kwa mara.

"Labda anaongea na mtu, Baba Watoto," mkewe alimtuliza.

"Mama Watoto, usinifundishe kazi. Simu inayotumika haiiti kwanza. Hiyo imekatwa."

Alifariki Jumanne, tarehe 14 Mei 2019, saa nne asubuhi.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano na dada mmoja. Injinia alipopigiwa kwa namba ya jirani kupewa taarifa ya msiba, alipokea kabla ya mlio wa pili. Yupo hapa, mstari wa mbele, na kwa mujibu wa ratiba ndiye anayefuata, kutoa salamu za rafiki. Marehemu aliisubiri sentensi yake moja kwa miaka ishirini na mitano. Familia inamwomba aanze na hiyo.

Baba apumzike kwa amani, na leo asikie.