Kisanduku cha Tarehe ya Kuzaliwa

Assalaam alaykum. Na wenzetu wa kanisani, Bwana asifiwe. Wazee, shikamooni. Mwenyekiti kanipa dakika tano, na mnajua mdomo wangu hauna breki, basi mnivumilie.

Mimi ni karani wa zahanati, nakaa hapahapa Miyuji. Nilijifunza kutengeneza programu za kompyuta nikiwa mtu mzima, kwa video za kwenye simu, Kiingereza chenyewe cha kuokoteza. Nilihangaika miezi miwili hadi dirisha dogo lenye kitufe kimoja likatokea kwenye skrini. Nikakibonyeza kutwa nzima. Mke wangu akauliza, "Sasa kinafanya nini?" Nikamwambia, "Kinabonyezeka!"

Ndugu zangu, nawaambia, hapo ndipo kiburi kiliponipanda. Nikatengeneza programu ya kuandikisha wagonjwa, rangi nzuri, visanduku vimepangika. Masjala tulikuwa na mama mmoja aliyefanya kazi miaka mingi kwa daftari. Akaniomba aione kabla hatujaianza. Nikamjibu, wagonjwa wanasikia, "Mama, wewe baki na daftari lako."

Siku ya kwanza akaja bibi wa Kigogo, homa imemshika. Kisanduku cha tarehe ya kuzaliwa kikadai siku, mwezi na mwaka.

"Mwanangu, nilizaliwa mwaka wa njaa."

"Njaa ipi, bibi?"

"We! Kwani ilikuwa moja?"

Kitufe cha kuhifadhi kikagoma, maana ndivyo nilivyokiamuru mwenyewe. Foleni inanung'unika. Nikamwambia akalete kitambulisho, akaondoka na homa yake. Yule mama wa masjala akamkimbilia hadi getini, akamrudisha, akamwandika kwenye daftari, akatibiwa. Jioni mganga mfawidhi, mkuu wetu wa zahanati, akaniagiza niiondoe programu. Wiki kadhaa sikuigusa kompyuta. Niliona aibu hata kupita masjala.

Jumamosi moja yule mama akapiga hodi kwangu. Nikajua kaja kunisuta. Akaketi, akafungua daftari. Asiyejua tarehe, yeye humuuliza aliolewa akiwa mkubwa kiasi gani, na mtoto wa kwanza ana miaka mingapi, kisha anaandika makadirio.

"Dirisha lako zuri, mwanangu," akasema. "Ila umewatengenezea watu kama wewe."

Nililia, sioni haya kusema. Tangu siku ile nikawa nakaa naye masjala. Anabonyeza, anakwama, ananiuliza, narekebisha. Leo programu inafanya kazi, na wafanyakazi wapya anawafundisha yeye.

Namshukuru Mungu, na mke wangu aliyenivumilia, na mganga mfawidhi aliyenipa nafasi ya pili. Vijana mnaojifunza kazi hii, ukitaka kutengeneza kitu cha watu, kaa na watu kwanza.

Yule mama yumo humu ndani. Simtaji, na ananikataza kwa macho. Nimeshamshukuru mara nyingi tukiwa wawili, lakini dharau yangu niliitoa hadharani.

Mama, nisamehe.