Msalaba wa Kumi: Maisha ya Borbála Vidonyi wa Sárhalom

Mama tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 17 Februari 1878 hapahapa Sárhalom, katika nyumba ya tatu kutoka kisima cha chini. Alikuwa mtoto wa nne wa marehemu Dániel Szappanos, kibarua wa shamba la bwana mwenye ardhi, na marehemu mkewe Zsófia. Inasemekana Zsófia alijifungua asubuhi, na jioni akaonekana anakanda unga. Kila kisa hicho kiliposimuliwa, Borbála, ambaye kijiji kizima kilimwita Mama Bori, alisema, "Basi msiniulize kwa nini sijui kukaa."

Alisoma shule ya kanisa kwa miaka minne, hadi masika ya 1888. Alijua kusoma, kuandika jina lake, na hesabu za kugawanya zilizowashinda wavulana. Mwalimu alimwendea baba yake akamwambia, "Szappanos, huyu mtoto ana kichwa." Baba akajibu, "Kichwa anacho, Mwalimu. Mabata bukini ndio hawana mchungaji." Kesho yake Bori alikuwa malishoni.

Alipofikisha miaka kumi na minne aliingia kwenye kundi la wavunaji. Wanaume walikata ngano kwa mundu mrefu, na nyuma ya kila mwanamume alifuata mwanamke akiikusanya na kuifunga miganda. Miganda ilipangwa shambani kwa marundo yenye umbo la msalaba, yaliyoitwa misalaba. Misalaba tisa ilikuwa ya bwana, wa kumi ulikuwa wa wavunaji. Huo wa kumi ndio uliokuwa mkate wa nyumba hadi mavuno mengine. Bori alimfuata mvunaji mmoja mrefu, mpole, aliyeitwa Ambrus Vidonyi, na tarehe 12 Novemba 1898 wakafunga ndoa katika kanisa letu. Mungu aliwajalia watoto watano, wawili akawachukua wakiwa wachanga.

Ambrus alikwenda vitani mwaka 1914, akarudi 1918 na mguu mbovu. Kwa ajili ya mguu huo, mwaka 1924 serikali ikawagawia ekari nne pembeni mwa bwawa la chumvi, walipe kidogo kidogo kila mwaka. Siku waliyoonyeshwa mipaka, Bori alivua viatu akalizunguka shamba lote. Ambrus akamwita, "Bori, shamba halikimbii." Akajibu, "Sisi tumekimbizwa kwenye mashamba ya watu siku zote. Ngoja nihakikishe."

Tangu hapo hakulala usingizi mzuri. Mwanzoni magunia mawili ya ngano yalitosha kulipia ardhi kwa mwaka. Kisha bei ikaanguka, mwaka hadi mwaka, na kufika 1931 yalihitajika sita, kwa shamba lilelile na malipo yaleyale. Majirani waliogawiwa pamoja nao waliachia mmoja baada ya mwingine. Bori aliyatazama madirisha yao yakipigiwa mbao, akarudi nyumbani kupima unga upya.

Februari ya mwaka huo msimamizi wa shamba la bwana, Bwana Lendvay, aliwaita wavunaji kwenye mkataba. Watu wenye njaa walikuwa wengi kuliko kazi, naye alijua. Akasema msalaba wa wavunaji hautakuwa wa kumi tena, utakuwa wa kumi na mbili. Ambrus, aliyekuwa kiongozi wa kundi, alitia sahihi kwa sababu waliosimama nje ya mlango walikuwa tayari kukubali hata wa kumi na tano. Bori alipiga hesabu yake ya kugawanya. Wakila, ardhi itakwenda. Wakilipia ardhi, hawatakula.

Mavuno yalianza mwishoni mwa Juni. Sheria ilikataza mvunaji kugoma na kuweka mundu chini, na askari wenye manyoya ya jogoo kofiani walipita barabarani kila siku kuhakikisha. Tarehe 3 Julai Bwana Lendvay alifika shambani na wageni wawili kutoka Budapest wenye kamera. Walitaka kuona mila yetu: mkubwa akiingia shambani kwa mara ya kwanza msimu huo, msichana humfunga mkono kwa kamba ya mabua ya ngano, humtakia heri, naye hujikomboa kwa hela ya divai. Kuikata kamba mwenyewe ni mwiko.

Msichana aliyechaguliwa alikuwa Piroska Tar, mwenye utepe mwekundu. Alipopita na kamba, Bori alimnyang'anya.

"We Bori, mrudishie mtoto kamba yake!" Ambrus alimwambia.

"Mtoto anajua kufunga tu. Mimi najua na kufungua."

Wavunaji wakaanza kucheka. "Bwana Lendvay, leo umepatiwa bibi harusi!"

Bori alimfunga msimamizi fundo la mganda, lile lisiloteleza. "Umefungwa, Bwana. Jikomboe."

"Haya, mama, hii ya divai," akasema, akitia mkono mfukoni.

"Divai inatuumiza tumbo. Tupe msalaba wa kumi."

Kicheko kikakatika. Mgeni mwenye kamera akauliza, "Na hilo ni sehemu ya mila?"

Mzee Gergely Pap, ambaye hakuwahi kukosa neno, akapaza sauti, "Ya tangu babu yangu, bwana! Piga picha!"

Askari wawili walisimama barabarani wakitazama. Hakuna mundu uliokuwa chini. Palikuwa na mwanamke wa miaka hamsini na tatu tu, ameshika ncha ya kamba.

"Kumi na moja," msimamizi akasema polepole, akiitabasamia kamera.

"Unaahidi mbele ya wageni wako?"

"Mbele ya wageni. Nifungue."

Akamfungua. Ndipo Piroska akaweka mkono mdomoni. "Mama Bori! Hukumtakia heri!" Na kweli, kwa hofu, alisahau. Mtu akifungwa bila kutakiwa heri, kamba humrudia aliyeifunga, ndivyo tunavyoamini hapa. Mwaka ule walikula na ardhi ikalipiwa. Lakini Februari iliyofuata majina yaliposomwa kwenye mkataba, jina la Vidonyi halikusomwa. Wanawake walisema ni kamba. Ambrus alisema ni Lendvay. Bori alisema, "Vyovyote vile, shamba lipo."

Miaka mitatu mfululizo, kuanzia 1932, alikwenda ng'ambo ya mto Danube na vibarua wa miezi sita, kupalilia na kung'oa viazi sukari, akilala zizini juu ya majani. Ambrus alifariki Machi 1934, na kiangazi hicho akaenda hivyohivyo. Nyumba na wadogo alimwachia binti yake mkubwa, Etelka, aliyekuwa na wavulana watatu wa kwake na roho juu kwa ajili ya shamba kila mvua iliponyesha. Kila Oktoba Mama alirudi amekonda, akapita kulipia ardhi kwanza, halafu ndipo akaja kuvua kitambaa cha kichwa.

Vuli iliyopita vumbi la mashine ya kupura lilimkaa kifuani. Daktari wa mjini aliagiza apumzike. "Apumzike?" akasema. "Basi aje yeye apande shayiri." Februari mwanawe Imre, anayefanya kazi kwenye tanuri la matofali Budapest, alikuja kumwona. Akasema, "Mama, tuliuze. Bei ya ngano haitarudi kama zamani, na ardhi bado haijaisha kulipiwa." Mama aligeukia ukuta, na siku nzima hakuuliza kama ardhi imekauka tayari kupandwa. Etelka alimtazama mgongo na akaogopa kuliko alivyokiogopa kikohozi chake.

Alifariki Jumanne, tarehe 8 Machi 1938, asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa Etelka. Mwenye shamba akifa, mbegu lazima itikiswe kabla mwili haujatoka nyumbani, la sivyo hulala naye na haioti. Etelka alisimama aende ghalani, akarudi kuushika ule mkono. Imre alitoka bila kuvaa koti. Kupitia dirishani walimsikia akilitikisa gunia la shayiri, akalitikisa tena, akimwambia kwa sauti, "Amka. Mama ameondoka. Wewe amka." Aliporudi, nywele zimejaa pumba, akauliza ardhi imekauka kiasi gani.

Ameacha watoto watatu: Etelka na mumewe Lajos Bodó, Imre, na Zsófia mdogo, wajukuu sita, dada yake Terézia, na ekari nne pembeni mwa bwawa, ambazo zitapandwa Jumatatu, Mungu akijalia ukavu.

Mama, hukujua kukaa. Kamba imefunguliwa, heri tumekutakia sisi. Sasa lala kwa amani.