Amri Moja kwa Mafaili Mia Nne

Risala ya wafanyakazi wa chumba cha kompyuta, Ushirika wa Miwa Kano Juu, Kisumu, Agosti 1978

Mgeni rasmi, Bwana Mkurugenzi kutoka makao makuu, karibu sana. Kiti ulichokalia ndicho kizuri kuliko vyote tulivyo navyo.

TULIKOTOKA

Mashine hii ilipoletwa, kila mkulima alifunguliwa faili ndani yake, na mafaili yakapangwa humohumo kwenye mashine katika mafungu tunayoyaita makabati, yenye majina ya vijiji. Kubadili tarehe ya kukata miwa ya kijiji kimoja kulimaanisha kuchapa amri ileile mara mia nne. Vidole viliota sugu.

FAHARI YETU

Bi. Nasambu, kibarua wetu wa kuchapa, ndiye aliyechoka kwanza. Alibuni programu ndogo: unaitajia kabati, unaipa amri moja, nayo inapita faili kwa faili ikitekeleza. Kazi ya siku tatu ikaisha kabla chai haijapoa. Watu walitoka hata Maseno kuja kutazama, nasi tulitembea vifua mbele. Hatufichi.

LILILOTUPATA

Mwezi Machi tuliagizwa kufuta mafaili ya msimu uliopita. Nasambu akataja kabati lisilo lenyewe. Wakulima mia mbili na kumi waliokuwa kwenye zamu ya kukata wakafutika, na bila zamu miwa ingewakaukia shambani. Nasambu alilia, akajipangusa uso, akapanda baiskeli kwenda boma kwa boma kunakili kadi za ushirika ambazo kila mkulima huweka nyumbani. Alimwogopa zaidi Mzee Obiero, ambaye ni mkali.

"Kumbe ni wewe ulifuta mimi?" mzee alimwuliza. "Na mimi niko hapa nakunywa chai! Kaa, Mama, kunywa, halafu uniandike tena."

Alirudi na nakala za kadi zote, akayachapa mafaili upya, na miwa ikakatwa. Kisha akaifunza programu yake ichape kwanza majina ya mafaili yote itakayoyagusa, na isiguse kitu mpaka ijibiwe ndiyo. Tangu siku hiyo hatujapoteza hata faili moja.

OMBI LETU

Mgeni rasmi, tunajua umekuja na barua ya kumwachisha kazi Bi. Nasambu siku ya Ijumaa. Wahenga walisema kutenda kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Yeye hakurudia. Tunaomba aajiriwe rasmi. Tulikuwa tuombe na feni, lakini feni itangoja.

Tena, barua hiyo haisemi yote. Siku ile ya kufuta, Nasambu aliomba alitazame kabati mara ya pili, akajibiwa, "Bonyeza, Mama, malori yanangoja!" Aliyemjibu hivyo ni Enos Wepukhulu, mkuu wa chumba hiki, ndiye huyu anayekusomea risala. Ameomba mwenyewe liandikwe. Ikiwa ni lazima barua iende na mtu, basi iende naye.

Mungu akufikishe nyumbani salama na akupe moyo wa kusikia.

Ni sisi, wafanyakazi wote kumi na mmoja wa chumba cha kompyuta, Bi. Nasambu akiwa mmoja wetu.