Ng'ombe wa Mistari Sita

"Mwenye ng'ombe huyu ni nani?" Afisa wa mifugo aliuliza hivyo Jumatano, tarehe 22 Machi 1995, pale joshoni kwetu Ntimaru, akiwa ameinua daftari la marehemu juu, na watu zaidi ya thelathini waliokuwa kwenye foleni na mifugo yao wakanyamaza. Nitarudi hapo. Mimi ni Robi, kifungua mimba wa marehemu, na familia imenituma nisome wasifu wake.

Mama yetu, Priscilla Gesare, alizaliwa mwaka wa 1951 hapa Ntimaru, binti wa tatu wa marehemu Mzee Gichana, akasoma hadi darasa la saba, akamaliza 1966, na tarehe 5 Desemba 1970 akafunga ndoa na baba yetu, Joash Wangwe, aliyeketi hapa mbele, wakajaliwa watoto wanne, mmoja akatangulia.

Mwaka wa 1983 aliajiriwa kuwa karani wa josho. Daftari la serikali lilikuwa na nafasi ya rangi peke yake, na nusu ya ng'ombe wa huku ni wekundu, kwa hivyo akawa anamchora kila mmoja pembeni kwa penseli, mistari sita hivi, mgongo kwanza kwa sababu ng'ombe hamsubiri mtu, halafu pembe, nundu, na baka kama lipo, yote kabla mnyama hajaruka kwenye dawa. Mlikuwa mnamtania. Mzee Machuki, kwa heshima, wewe ndiye uliyemwambia, "Mama Robi, pembe za dume wangu umezipunguza, unataka akose mke?" na mama akafuta, akazirefusha, watu wakacheka.

Dume huyo ndiye aliyekuwa kwenye ukurasa ambao afisa aliuinua, akitaka kuona kama kuna atakayemtambua kwa mchoro.

Tunajua kwa nini mlinyamaza. Kwenye foleni kulikuwa na ng'ombe waliovuka mpaka bila karatasi, na anayemtambua wake leo ataulizwa wa jirani kesho. Hoja hiyo ningeweza hata kuitetea kwenye mdahalo chuoni. Lakini afisa alisema, "Basi hizi ni takataka," akamtupia mama daftari, na barua ikaja kwamba amefutwa kazi kwa kuharibu mali ya serikali, miaka kumi na miwili ikaisha hivyo.

Mwaka wa 1996 alihamia Homa Bay, akauza omena, dagaa wa ziwani, pamoja na rafiki yake, Mama Phelesia, akichora korongo wa sokoni kwenye vipande vya katoni. Figo zilianza kumsumbua Februari mwaka huu, akalazwa tarehe 30 Oktoba, akafariki Jumamosi, tarehe 14 Novemba 1998, saa kumi jioni. Mara mbili aliniuliza kama ile michoro ilikuwa ng'ombe kweli. Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Wewe ni mtoto wangu, ndiyo yako haihesabiki."

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, Mama Phelesia aliyemwogesha hadi siku ya mwisho, wauzaji omena wenzake, na majirani mliochimba kaburi tangu asubuhi.

Mama, kazi yako imekwisha, lala salama.

Daftari liko mezani, kando ya jeneza. Ukipita kumuaga, tafadhali lifungue, weka kidole kwa ng'ombe wako, useme kwa sauti, "Huyu ni wangu."