Mama Upepo na Mijohoro ya Barabara ya Hospitali

Ndugu, majirani na nyote mlioacha shughuli zenu kuja kutushika mkono, familia imenituma mimi, mdogo wake, niwasimulie maisha ya dada yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina moja tu, Mama Upepo.

Dada alizaliwa tarehe 14 Machi 1953, mtoto wa kwanza wa fundi viatu na mshonaji, akasoma shule ya msingi nyuma ya soko, akaishia darasa la saba kwa kuwa mama yetu alipooza na nyumba ikamwelemea yeye, na mwaka 1972 akaajiriwa dobi katika hospitali ya mji, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu mwaka 2008.

Tarehe 6 Septemba 1975 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi bomba na mtu wa mzaha, wakapanga chumba cha bati kwenye barabara ya hospitali, ambayo wakati huo haikuwa na mti hata wa dawa, na hapo ndipo mtoto wao wa kwanza, akiwa bado ananyonya, alipozidiwa na joto hadi macho yakageuka, dada akatoka naye mbio akitafuta kivuli asikipate, mpaka akamlaza chini ya lori lililoegeshwa, akimpepea kwa kanga huku akihofia kwamba dereva angetokea aliondoe.

Mtoto alipona, hofu haikupona, na mvua za mwaka uliofuata dada aliomba miche ya mijohoro kwa mtunza bustani wa hospitali, akaipanda kando ya barabara, akaizungushia miiba mbuzi wasiifikie, akaibebea maji kwa ndoo kila atokapo kazini, hata shemeji akawa anawaambia watu, "Nyie wenzangu mna watoto wa miguu, mimi nimejaliwa na wa mizizi."

Miti ikakua, wauza matunda na wagonjwa wakahamia chini yake, hadi tarehe 22 Aprili 1999, upepo wa mvua ulipovunja tawi, likamwangukia mtoto yuleyule, sasa fundi redio mwenye kibanda chake hapohapo, likamvunja mkono, majirani wakaanza kusema miti yote ing'olewe, na dada, bila kubishana na mtu, akachukua shoka.

Kijana alimkuta akiwa ameshaanza kukata.

"Mama, unafanya nini?"

"Nilikupandia kifo, mwanangu. Niache."

"Bila hii miti ungenilaza chini ya malori mpaka lini? Lililoanguka ni tawi kavu, tena tuliliona wote tukanyamaza. Tukate makavu, mti tuuache."

Dada aliweka shoka chini, ila raha haikumrudia, kwani tangu hapo wawili hao walikodi ngazi kila mwaka kabla ya mvua wakapunguza matawi, na upepo ukivuma alitoka nje akitazama juu, akiwaambia watu, "Jamani, sogeeni, hewa imebadilika," wagonjwa na majirani wakanuna, chai zikamwagika, na mara nyingi hakuna kilichoanguka.

Shemeji alitutoka mwaka 2014, na mwaka 2021 dada akapatikana na ugonjwa wa moyo, akalazwa tarehe 3 Juni 2024 katika hospitali ileile, ambako hakuuliza habari za moyo wake bali za mjohoro wa getini, ambao wachimba mitaro walikuwa wameukata mizizi, hadi alipofariki asubuhi ya tarehe 19 Juni, akiacha watoto wawili na wajukuu wanne.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia, madobi wenzake waliomfulia mashuka kwa mikono yao, na majirani, hasa wale mlionuna. Mjohoro wa getini umeinama na hatujui kama utashika, fundi redio ameufunga kamba na kuwahamisha watu, na jana hewa ilipobadilika tulijikuta sote, wenyeji na wageni, tumesimama nje bila kuambizana.

Pumzika kwa amani, dada. Kutazama juu sasa ni zamu yetu.