Nyota Iliyoangukia Mtaro wa Gisozi

Mnanisumbua na hadithi hii kama vile mimi ndiye niliyeharibu maji. Haya, niacheni nimenye viazi huku nasema. Pale Gisozi kuna benchi mbele ya karakana ya Théoneste, fundi wa vitanda. Wamempa jina Nabii, maana hushika Ufunuo kuliko anavyoshika randa. Générose, muuza kahawa, alikuwa akiwamiminia waliokaa. Mjane Mukantwari, anayekaa chini kilimani, akaja na mchicha wake umekauka kama tumbaku. Aliumwagilia maji ya mtaro, na hana bustani nyingine ya kumlisha.

— Imeandikwa! — Nabii akasimama. — Nyota inaitwa Pakanga itaanguka, maji itakuwa chungu. Tubu, mama!

— Nitubu mchicha?

— Si nyota, sha, — akasema Valens, yule wanayemwita Msumari. — Ni satelaiti. Imetoboka huko juu, betri inavuja.

— Haraka haraka haina baraka, — Générose akaunga. — Ingeanguka polepole, maji ingebaki tamu.

— Msiogope, — akasema Nabii. — Ezekieli aliona mto unatoka hekaluni, unaponya maji yote. Sisi tungoje tu.

Iteka, mshona makochi aliyehamia majuzi kutoka Bujumbura, akaweka kikombe chini.

— Samahani, kaka Nabii. Ile uchafu ya kuosha brashi za vanishi, unamwaga wapi?

Théoneste alijua. Kila jioni ndoo moja, nyuma ya karakana, mtaroni. Na kila Jumamosi ya umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa, ndiye aliyeomba sala kabla watu hawajauzibua mtaro huohuo. Akatazama kucha zake, vanishi imo. Akaficha mikono mapajani kama mtoto aliyedokoa nyama.

— Kahawa imeisha, — akasema Générose, na birika lilikuwa bado zito.

Mukantwari akamwekea fungu la mchicha magotini.

— Kula, Nabii.

Hakula. Akampa mjane pesa za mchicha, akazikataa. Basi umuganda uliofuata, Théoneste alikiri mbele ya mtaa mzima, kwa kinywa kilekile cha mahubiri, akazoa tope jeusi kwa mikono yake. Na mpaka mchicha mpya ulipoota, kila asubuhi alishuka kilima na jerikeni la maji ya bomba kichwani, benchi zima likimtazama, na Mukantwari akimngoja mlangoni:

— Yewe Nabii, mto wa hekaluni umechelewa leo.